Mguu wa Cherehani

Mama alikuwa fundi wa nguo. Tangu apate kiharusi, mguu wake wa kulia haukuweza kukanyaga pedali ya cherehani. Cherehani ikafunikwa shuka pale pembeni, kama mgonjwa wa pili.

Kliniki iliwaazima mashine ndogo ya umeme wa kuamsha misuli, yenye vibandiko viwili vya kubandika mguuni. Binti yake ndiye aliyemhudumia. Asubuhi moja, mama akiwa amebandikwa mashine, mjomba akaingia, akavuta kigoda.

"Unasikia kitu, dada?"

"Wala."

"Ongeza, mpwa! Dawa isiyouma ni dawa gani hiyo?"

Binti aliona haya kumbishia mjomba. Akaongeza umeme, akaongeza tena. Mama alipiga soga tu. Walipobandua, ngozi ilikuwa imefanya lengelenge.

Binti alimpeleka mama kliniki, uso umemshuka. Mtaalamu wa viungo hakumfokea. Alimgusa mama mguuni, karibu na lengelenge, kwa kijiko cha baridi.

"Unahisi, mama?"

"Hapana."

"Na hapa juu?"

"Uuu! Baridi!"

Mtaalamu akamgeukia binti. "Umeona? Ngozi yenye ganzi haipigi kelele ikiungua. Lengelenge likipona, bandika hapa panapohisi, pakavu, pasipo na kidonda. Anzia sifuri, panda polepole. Misuli ikicheza bila maumivu, ishia hapohapo. Zima kabla ya kubandika na kabla ya kubandua. Kagua ngozi kila mara."

"Akisinzia nayo?"

"Izime. Na usimbandike mtu mwingine. Inaweza kumdhuru mwenye mimba au mwenye betri ya moyo, ile ya kuongoza mapigo."

Lengelenge lilipopona, wakaanza upya. Kila siku kijiko kwanza, mashine baadaye, binti akirudia kwa sauti, "Anzia sifuri, panda polepole." Siku moja mjomba akarudi, shati keshalivua.

"Mpwa, mgongo wangu huu! Nibandike kidogo."

Binti alimtazama kifua. Hakuwahi kumkatalia mkubwa.

"Mjomba, si uliwekewa betri ya moyo?"

"Ndiyo, lakini kidogo tu..."

"Hapana, mjomba. Umeme huu unaweza kuivuruga. Vaa shati, twende kliniki ukaulize."

Mama alicheka hadi machozi. "Leo umempata mwalimu wako, kaka!"

Wiki ya tisa, mama alilivuta shuka mwenyewe. Akaweka mguu wa kulia juu ya pedali. Ukakanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikaita: tra-ta-ta-ta! Binti akapiga vigelegele, majirani wakajaa mlangoni.

Kazi ya kwanza ilikuwa suruali ya mjomba, iliyopasuka nyuma.

"Naongeza nyuzi, kaka?" mama akauliza.

"Polepole, dada," mjomba akajibu haraka. "Anzia sifuri!"