Maili Elfu Nne na Mia Sita

Magharibi ilikuwa inaingia. Mkadam, karani wa uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki, alikuwa anafunga madirisha ya ofisi alipoona bibi kizee kasimama mlangoni na bakuli la wali lililofunikwa kawa.

Hakumwamkia. Watu wa shamba hakuwa na haja nao.

"Mie Bi Wanu, wa Kizimkazi. Kutoka Londoni mpaka hapa ni mbali?"

Mkadam alicheka puani. "Maili elfu nne na mia sita. Siku mbili, na kubadilisha ndege Nairobi. Unataka tiketi, au unataka kuuza wali?"

"Mwanangu Jaku yumo hospitali huko, mahututi. Mganga kamtuma jini wake akamchukue. Kasema atafika wali haujapoa."

"Kwa ungo?"

Bi Wanu hakukasirika. Alinong'ona: "Jaku ataita mara moja tu. Nikimwitikia mie, atakuwa wangu. Akiitikia mwengine, atamwandama huyo. Nakuomba, baba... nyamaza."

Saa ya ukutani ilionesha kumi na mbili kamili. Kiwanja kitupu. Upepo ukakatika.

Kisha harufu... Dawa ya hospitali, na moshi wa makaa ya mawe.

Wali ulikuwa bado unafuka mvuke.

Huko nje, viatu vizito vikaanza kutembea juu ya lami. Taratibu. Vinakuja.

"Mama!"

Bi Wanu akafungua mdomo, kilio kikamkaba. Mkadam akajua: wamemficha mtu nje, wajinga hawa wa shamba, wanamfanyia mchezo. Akaibana sauti ikawa ya kike.

"Abee, mwanangu! Karibu!"

Viatu vikasimama.

Vikaingia ofisini. Hakuna mtu.

Vikasimama nyuma ya Mkadam.

Bi Wanu aliugusa wali. Ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akafunika bakuli, akaenda zake.

Siku saba Mkadam hakulala. Kila alipokwenda, viatu nyuma. Kila magharibi, pumzi baridi shingoni: "Mama, bado mbali?"

Siku ya nane alifika Kizimkazi, yeye aliyeapa hatalikanyaga vumbi la huko.

"Shikamoo, Bi Wanu."

Hakuitikiwa. Bibi alimnyooshea karatasi ya simu kutoka Londoni. Jaku alikufa siku ile ile, saa tisa mchana kwa saa za huko. Mkadam akajumlisha saa tatu, kama alivyozoea kazini. Kumi na mbili magharibi. Kamili.

"Mchukue mwanao, bibi. Nakusihi."

Bi Wanu alitazama nyuma ya bega lake. Macho yakamjaa machozi.

"Jaku! Ndo mie, mamaako!"

Kuku tu uani.

Kisha, sikioni mwa Mkadam, ile sauti iliyochoka:

"Mama, bado mbali?"

Bi Wanu akajifuta uso kwa kanga. Alimtazama karani toka kofia mpaka viatu, kama mtu anayetazama taka zilizoletwa na maji.

"Mjibu. Si wewe unayejua maili?"

Akafunga mlango. Komeo likaingia.