Duru Nane za Uwanja

Kila asubuhi, kabla uji haujachemka, binti wa Sajini alikuwa na kazi ambayo hakumruhusu mtu mwingine aiguse: kung'arisha mkanda wa baba yake. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba namba kumi na nne, kitambaa mkononi, akaisugua bizimu ya shaba mpaka akayaona meno yake mwenyewe ndani yake.

"Koplo!" baba alimwita kutoka chumbani, kwa jina la utani alilompa. "Ripoti!"

"Mkanda tayari, Afande! Viatu tayari! Uji unaungua!"

"Uji si idara yako," mama alijibu kutoka jikoni.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuishi nje ya kambi. Watoto wa kambi walikuwa na tusi lao, nalo lilikuwa neno moja: raia. Ukichelewa, wewe raia. Ukilia, raia. Ukidondosha mpira, raia mkubwa. Koplo alilitumia kwa ustadi kuliko wote, hasa alipopita nje ya geti, mbele ya banda la bati la fundi baiskeli.

Fundi huyo alikuwa askari mpaka mwaka juzi. Alipotoka jeshini, binti yake, Mapengo, alitolewa shule ya kambi wiki hiyohiyo, akaenda kusoma mjini.

"Hodi kwa raia!" Koplo alipaza sauti Jumatatu hiyo, wenzake wakicheka nyuma yake. "Mapengo, hiyo grisi ndiyo cheo kipya cha baba yako?"

Mapengo hakuacha kuzungusha gurudumu. "Grisi hutoka kwa sabuni," alisema. "Mdomo wako je?"

Jioni hiyo, baada ya chakula, baba alitandaza fomu mezani. Alikuwa fundi wa magari mazito, na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: kuendelea miaka mitatu, au kustaafu. Karani wa kikosi angefunga jalada Ijumaa saa sita mchana.

"Mimi sioni cha kujadili," mama alisema. "Goti lako limeshaamua. Daktari alikwambia nini? Ukiendelea kukimbia, utatembea na mkongojo kabla ya kufika hamsini."

Goti hilo lilipondwa na jeki iliyoteleza chini ya lori, miaka sita iliyopita.

"Nimekusikia, mama watoto. Na kazi ipo. Fundi baiskeli anaongeza chumba bandani, ananingoja tutengeneze pampu za maji na mashine za kusaga. Kinachonizuia ni shule ya huyu." Baba alimwelekezea Koplo kidole. "Akitolewa kama Mapengo, mtihani wa mwakani utamkuta hajazoea hata dawati. Nimemwandikia mwalimu mkuu. Akisema mtoto hafukuzwi, nastaafu. Akisema anafukuzwa, nabaki."

Koplo hakuwa akiuwaza mtihani. Aliwaza banda la bati, na wenzake wakipita na kupaza sauti: Hodi kwa raia!

Siku ya pili yake, mwalimu mkuu alimpa barua. Alikwenda kuifungulia nyuma ya tangi la maji. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Kamati ya shule ilikuwa imebadili kanuni mwaka huu: mtoto wa askari aliyestaafu ataendelea na masomo mpaka amalize mtihani wa mwisho.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja na kuisukuma ndani ya jalada la daftari la jiografia.

"Mwalimu mkuu amesemaje?" baba aliuliza usiku.

"Amesema mtoto wa raia hasomi pale."

"Barua iko wapi?"

"Hakuandika. Amesema tu."

Baba alimtazama kidogo, akashusha pumzi. Akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Mama aliinuka akakusanya sahani, na alizigonganisha kuliko ilivyohitajika.

Koplo alikuwa amepata alichotaka. Ajabu ni kwamba usingizi ulimpaa.

Anayeomba kuendelea lazima apimwe mbio: duru nane za uwanja kwa dakika kumi na nane, si zaidi. Mbio zenyewe zilikuwa Ijumaa asubuhi. Alhamisi alfajiri baba alimwamsha Koplo, akamkabidhi saa yake ya mkononi.

"Leo najipima. Wewe utanisomea saa."

Uwanjani, baba aliketi kwenye ngazi, akakunja suruali. Ndipo Koplo alipoliona goti. Lilikuwa limevimba mithili ya boga. Baba alilizungushia bandeji kwa nguvu, akateremsha suruali kulifunika.

"Mama asijue," alisema. "Haya, hesabu!"

Duru tatu za kwanza alikwenda vizuri. Ya nne akaanza kuchechemea. Vijana wawili walimpita wakikimbia mazoezi yao.

"Mzee, usitutimulie vumbi!" mmoja alitania.

"Nawasukuma kwa nyuma, wanangu, msije mkalala!" baba alijibu, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Lakini alipogeuka kona, ambapo vijana hawamwoni, uso wake ulijikunja kwa maumivu. Koplo alimwona. Duru ya sita, mguu mmoja ulikimbia na mwingine ukaburutwa. Koplo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu huyu alikuwa anaumia kwa sababu ya karatasi iliyokuwa ndani ya mkoba wa shule aliokuja nao Koplo, hatua mbili kutoka alipokaa yeye.

Baba alimaliza, akajibwaga kwenye majani. "Ngapi?"

Saa ilisema dakika ishirini na moja na sekunde kumi.

"Ngapi, Koplo?"

Angeweza kusema kumi na nane na nusu. Baba angefurahi, na kesho angejikaza aipunguze ile nusu dakika. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi kuliko wa kwanza. Hilo ndilo lililomtisha.

"Ishirini na moja," alisema. "Na sekunde kumi. Na baba... mwalimu mkuu aliandika."

Akatoa daftari, akaipekua barua kutoka ndani ya jalada. Baba alisoma mistari ile mitatu bila haraka. Hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Kwa nini?"

"Wangeniita raia." Machozi yalimtoka. "Kama ninavyomwita Mapengo."

Baba alikunja suruali, akaanza kuifungua bandeji.

"Umenidanganya kwa jambo ambalo lingenilemaza mguu," alisema. "Hilo nitalikumbuka, nawe ulikumbuke. Lakini nisijifanye malaika. Wewe umeficha barua, mimi nimeficha goti. Mama yako ndiye peke yake nyumbani aliyesema ukweli wiki hii, na sote tulimwona mkorofi."

Asubuhi hiyohiyo walimwomba karani fomu mpya. Baba aliweka alama kwenye kisanduku cha pili, akasaini, akampa Koplo aikabidhi kwa mkono wake. Kisha akamwambia, "Pale bandani utakwenda peke yako. Maneno yalikuwa yako, si yangu."

Hatua kutoka getini mpaka bandani hazizidi mia moja, lakini hakuwahi kutembea mwendo mrefu kuliko huo. Fundi baiskeli alikuwa ameinamia mnyororo. Koplo alimwamkia, akasema alichokwenda kusema, macho yake yakiwa chini kwenye misumari na spoku.

"Nilikuwa nakusikia kila siku," fundi alijibu. "Hili ni bati, mwanangu, si ukuta wa mawe. Nimekusamehe. Ila aliyelia si mimi." Akaonyesha kwa kidevu alipokuwa Mapengo, nyuma ya rundo la matairi. Koplo akaenda huko pia.

Mwezi uliofuata baba alirudisha sare stoo. Koplo alikuwa ameung'arisha mkanda kwa mara ya mwisho. Jumamosi ya kwanza bandani, akishikilia pampu baba aifungue, aliuliza: "Baba, ulijuaje kwamba wakati wa kutoka umefika?"

"Sikujua. Goti lilijua, saa ilijua, mama yako alijua. Mimi niliogopa neno moja, kama wewe." Baba alikaza bolti. "Kiongozi wa msafara huamua kwa taarifa anazoletewa. Hata awe hodari vipi, ukimficha kwamba mbele kuna mto, atawazamisha wote. Ukitaka mtu unayempenda aamue vizuri, mpe ukweli, hata kama ukweli huo unakuaibisha. Aibu huisha. Mguu uliolemaa haurudi."

Koplo alitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Mapengo alimsogezea beseni na kipande cha sabuni. "Mikono hiyo itatoka," alisema. "Mdomo je?"

"Huo," Koplo alisema, "nimeanza kuusugua."