Kilohezi Tano

Kitu cha kwanza alichokiona ni kifungo. Fundi redio alikuwa amevaa shati la mistari lililopigwa pasi vizuri, lakini kifungo cha tatu kilishonwa kwa waya wa shaba. Yeye ni muuza vifungo na nyuzi, jicho lilikimbilia hapo hapo. Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na kikumbo kimoja kikamfikisha mbele ya meza ya fundi, redio ya babu yake mikononi.

"Inaumwa nini?" fundi akauliza.

Aliona haya kuongea na wageni; hata wateja wake aliwaonyesha bei kwa vidole. Akanong'ona kwamba Babu akisikiliza habari, ngoma zinaingia katikati.

Fundi akapuliza vumbi, akaiwasha, akafumba macho kusikiliza. Kisha akamweleza kwamba redio ni nzima. Idhaa mbili za ng'ambo, zote za masafa mafupi, zimepakana, kilohezi tano tu kati yao, na moja ina mtambo wenye nguvu kupita adabu. Ni kama wapangaji wawili waliotenganishwa na ukuta wa kadibodi. Hakuna fundi wa kutibu hilo.

Babu alipoambiwa, alisema fundi huyo ni kanjanja. "Waziri kajiuzulu, nataka kujua kwa nini, napigiwa tarumbeta. Mrudishie."

Akamrudishia. Fundi akacheka, akaifungua, akapuliza, akaifunga. Wiki iliyofuata mjukuu akaipeleka tena, na nyingine tena. Fundi akambatiza Bi Kimya, akamtania kwamba redio ya kwao inasema mambo mawili kwa mpigo ili kumfidia mjukuu asiyesema hata moja. Wakaanza kupigiana simu. Fundi aliongea, yeye akaitikia "ehe", na fundi akazijua "ehe" zake zote: ya kucheka, ya usingizi, ya haya.

Mara ya tano alipoipokea ile redio, fundi hakuifungua.

"Bi Kimya, nataka kukuoa. Ila safari hii sitaki 'ehe'. Jumamosi saa nne nipigie, unitamkie mwenyewe. Ukinyamaza nitajua umekataa."

Jumamosi akavaa gauni la samawati lenye vifungo vya lulu, kana kwamba simu ina macho. Saa nne kamili akapiga. Simu ikapokewa, na kabla hajafungua mdomo akamsikia mwanamke, sauti laini, karibu kabisa: "Mpenzi wangu, rudi basi. Kitanda hiki ni kipana mno kwa mtu mmoja." Kisha mwanamke akacheka kwa puani.

Akakata. Akaizima simu kabisa, akauza zipu siku nzima bila kuona rangi zake.

Jioni fundi saa, jirani wa fundi redio pale sokoni, akaleta redio ya Babu na kikaratasi: "Nimeelewa. Samahani kwa usumbufu." Akakisoma mara tatu, na kila mara hasira ikapanda. Kumbe hata kukana hakani.

Jumamosi iliyofuata akasingizia kichwa, akabaki nyumbani. Saa nne Babu akawasha redio, akaipakata.

"Waziri mpya amewaahidi wananchi," akasema mtangazaji, na mwanamke akamdakia, "mpenzi wangu, mashuka nimefua, umebaki wewe tu." Akacheka kwa puani.

"Huyo hapo," Babu akasema. "Kila Jumamosi saa hizi anasoma barua za wapenzi. Wewe huwa uko sokoni, umesalimika."

Mjukuu akasimama. Jumamosi iliyopita saa hizi redio hii haikuwa mapajani mwa Babu. Ilikuwa juu ya meza ya fundi, imewashwa.

Akaichukua, ikiwa bado inaongea.

"Tena?" Babu akalalamika. "Mwache huyo fundi apumzike. Mimi nimeshazoea."

Alifika sokoni na kandambili za rangi mbili. Fundi alikuwa na shati lile lile, waya umekatika, kifungo hakipo. Hakuinua uso. Akauliza kama ni ngoma tena.

Mjukuu akaiweka redio mezani, akapandisha sauti. Mwanamke alikuwa anamsihi mwingine arudi kabla chai haijapoa. "Huyu ndiye aliyepokea simu yangu," akasema.

Fundi akaitazama redio, akamtazama yeye, akaitazama redio tena. Fundi saa aliacha kazi waziwazi ili asikilize.

"Na angekuacha uongee," fundi akasema polepole, "ungesema nini?"

Mjukuu akatoa mfukoni kifungo cheupe na sindano iliyokwisha kutungwa uzi. Sauti ikatoka nzima, mpaka wapita njia wakageuka.

"Babu alishazoea tangu mara ya pili. Hizo nyingine zote nilikuwa nakuja kukuona wewe."