Habari za Kazi?

Kila asubuhi Fundi Vifungo alitoka kwa mlango wa nyuma. Alipita nyuma ya nyumba za majirani, akaruka mtaro, akanunua mkate katika duka la mbali. Mkate wa duka la karibu ulikuwa laini zaidi. Lakini pale karibu palikuwa na watu, na watu wana salamu.

"Habari za kazi?" wangemwuliza.

Kazi hakuwa nayo. Kwa miaka kumi na tisa alishona vifungo katika kiwanda cha sare za shule, na huko ndiko alikopata jina lake. Miezi minne iliyopita kiwanda kilifungwa. Tangu siku ile hakumtembelea rafiki hata mmoja.

"Mume wangu, ukiendelea hivi njia ya nyuma itaota lami," mkewe alimtania.

Asubuhi moja fundi aliinama kufunga viatu, akaona giza. Alishika ukuta asianguke, akasema ni uchovu tu. Mkewe hakubishana naye. Alimwita jirani yao, mhudumu wa afya.

"Shemeji, siku hizi nakuona kisogo tu," jirani alisema huku akimfunga mkanda wa kipimo mkononi. Alisoma namba. "Presha imepanda sana. Zile dawa zako za presha unameza?"

"Nameza."

"Nusu," mkewe alisema. "Anakata vidonge kwa wembe wake wa nyuzi. Eti vidumu."

Fundi akatazama sakafu.

"Nusu haitoshi, shemeji. Mshipa wa kichwani ukipasuka, utamwacha dada yangu mjane. Umekwenda ofisi ya hifadhi ya jamii?"

"Mimi si ombaomba."

"Ulipokuwa kazini, mshahara wako ulikatwa mchango?"

"Kila mwezi."

"Basi shati lako liko kwa dobi. Nani huona haya kwenda kuchukua shati lake?"

Fundi alitabasamu kidogo.

"Chukua kitambulisho na barua ya kuachishwa kazi," jirani aliendelea. "Utapata posho kwa muda, na kadi ya matibabu. Meza kidonge kizima. Halafu rudi kwa watu. Mtu akijifungia, mawazo hayampi usingizi, na mwili huumia. Kesho utokee mlango wa mbele."

"Wataniuliza habari za kazi."

"Wajibu."

Kesho yake alitoka kwa mlango wa mbele. Fundi viatu wa pale kona aliinua kichwa.

"Vifungo, habari za kazi?"

"Kazi sina. Kiwanda kilifungwa."

"Tunajua, ndugu yangu. Tulidhani umetukasirikia. Unakwenda wapi?"

"Hifadhi ya jamii."

Fundi viatu akaweka nyundo chini. "Ngoja nivae shati. Foleni ile naijua tangu nilipovunjika mguu. Ukienda peke yako, utarudi nyumbani kabla ya kufika dirishani."

Posho ilipatikana, na kadi pia. Baada ya miezi miwili presha ilishuka. Kazi ya kiwandani haijapatikana. Lakini kila asubuhi fundi huketi pale kona, akishona vifungo vya majirani na kubishana na fundi viatu.

"Habari za kazi, shemeji?" mhudumu wa afya humwuliza akipita.

"Bado naitafuta. Uliza habari za presha."

Wembe wake sasa hukata nyuzi tu.