Rangi Iliyokataa Kukauka

Haya yalimpata mume wa dada yangu, mjini Machakos, na sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu.

Jumamosi moja ya Februari, mwaka wa 2002, nilitoka Athi River, ambako nilikuwa nashona nguo kiwandani, nikaenda kwa dada yangu Nzilani kumsaidia kutengeneza bafu. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jua kali, vumbi, jirani anapepeta maharagwe mbele ya nyumba yake. Nilimkuta shemeji Maundu amevaa suruali kuukuu na kofia ya gazeti, anaimba wimbo wa kwaya huku akibandua vigae ukutani kwa patasi.

"Shemeji, fundi ako wapi?" nikamwuliza.

"Fundi wa nini, Ndila? Mikono niko nayo. Saruji niko nayo. Rangi ni ile ilibaki tukipaka kanisa. Hii kazi tutaimaliza sisi wenyewe."

Bafu lilikuwa limepitwa na wakati kweli. Vigae vya rangi ya waridi vilivyopasuka. Tangi la choo la chuma lililotundikwa juu karibu na dari, lenye mnyororo wa kuvuta. Na hodhi la kuogea, lile ambalo mtu hulala ndani, la kijani, limebabuka hadi chuma kinaonekana. Maundu alikuwa na mipango. Vigae vipya alivipata kwenye mabaki ya duka la vifaa vya ujenzi, rangi mbalimbali, akisema atavichanganya vionekane kama maua. Hodhi angelisugua kwa msasa kisha alipake rangi nyeupe ya mafuta. Kabati la kioo angeligonga mwenyewe kwa mbao za makreti.

Nyumba haikuwa yake tangu mwanzo. Ilijengwa na kaka yake mkubwa, Kilonzo, aliyekufa ajalini mwaka uliotangulia. Kilonzo aliacha mke, Kalekye, na msichana mmoja, Mumo. Sisi upande wa Nzilani tuliambiwa kwamba mjane alikuwa amechagua kurudi kwao Wamunyu, nyumba akamwachia shemeji yake aitunze. Muda mfupi baadaye tukasikia amefariki kwa homa ya mapafu. Tulisikitika kama watu wanavyosikitika kwa mtu wa mbali. Dada yangu akahamia pale, akatundika mapazia yake.

Siku hiyo tulibandua vigae vyote vya zamani. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Si unyevu tu. Ulikuwa unatiririka. Nilishangaa, kwa sababu mji mzima ulikuwa na shida ya maji na mifereji ilikuwa mikavu wiki nzima. Nzilani alikuwa akinunua maji ya mkokoteni.

"Ni bomba la ndani limepasuka," Maundu akasema, akagonga ukuta kutafuta bomba.

Upande ule haukuwa na bomba.

Alipaka saruji hivyo hivyo, akapanga vigae vyake vya maua. Jioni tukapaka hodhi rangi, mimi na dada yangu, brashi kwa brashi, tukicheka. Likawa jeupe kama sahani mpya. Nikarudi Athi River nikiwa nimefurahi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Nzilani akinisubiri langoni. Alinishika mkono, akanipeleka bafuni moja kwa moja.

"Guza," akanong'ona.

Nikagusa ukingo wa hodhi. Kidole changu kikatoka cheupe. Wiki nzima, katika joto lile, rangi ilikuwa mbichi kama tumeipaka saa hiyo.

"Na uangalie ndani."

Ndani ya hodhi, kwenye rangi, kulikuwa na alama. Makalio. Mgongo. Visigino viwili karibu na mfereji. Mtu mwembamba alikuwa amekaa pale, magoti ameyakunja, kama mtu anayeoga. Na hakukuwa na alama ya kuingia wala ya kutoka.

Maundu alisema ni paka. Akachukua msasa na kitambaa, akafuta yote, akapaka upya. Lakini hakuwa anaimba tena. Alipaka huku ameutazama mlango, hadi rangi ikamwagikia viatu.

Nililala hapo. Kesho yake, Jumapili, tulitoka kanisani, mimi na Nzilani tukaingia jikoni kupika. Maundu alikuwa nje anakata mbao za kabati. Tulisikia msumeno wake. Kisha tukasikia maji.

Yalikuwa yanamwagika bafuni. Maji mengi, kama mfereji umefunguliwa hadi mwisho. Mifereji ilikuwa bado mikavu. Sufuria ilikuwa mkononi mwangu, na maji ya kupikia tulikuwa tumeyachota kwenye pipa.

Halafu tukasikia mwanamke anaimba kwa pua, polepole, kama mtu anayejisugua mgongo.

Nzilani alinitazama. Nilimtazama. Msumeno nje ukanyamaza.

Maundu aliingia na nyundo. Alitupita, akafika mlangoni mwa bafu, akasukuma. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mlango ule ulikuwa hauna komeo. Tulikuwa tumeling'oa ili tupake rangi.

"Nani ako ndani?" akasema kwa ukali. "Toka!"

Maji yakakoma. Sauti ya mwanamke ikajibu, ya chini, ya heshima.

"Nimalize kuoga, Maundu. Niko na sabuni mwilini."

Nyundo ilianguka. Maundu alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya sabuni tu. Kisha nyayo zikaanza kuonekana sakafuni. Nyayo zilizolowa. Moja. Nyingine. Zilitoka kwenye hodhi, zikavuka kizingiti, zikaja kwenye korido tuliposimama. Nilisikia zinavyonata kwenye sakafu. Zikasimama mbele ya Maundu, vidole vikigusana na ncha za viatu vyake.

Hazikurudi.

Viatu vyake vikaanza kutoa maji.

Dakika chache tu baadaye shati lilikuwa limemganda mwilini. Maji yalimtoka kwenye nywele, kwenye kope, chini ya kucha. Nzilani alileta taulo. Likalowa. Akaleta jingine. Likalowa. Akaleta shuka, akalia, akapiga magoti kumfuta mumewe miguu, na kadiri alivyofuta ndivyo maji yalivyozidi. Yalikuwa baridi. Baridi ya Julai, wakati wa manyunyu na ukungu. Na yalikuwa na povu.

"Ni nani yule?" dada yangu akamwuliza. "Maundu, niambie. Ni nani?"

Ndipo akasema. Alikuwa ameenda pale na vijana wa kukodi, asubuhi, miezi michache baada ya mazishi ya kaka yake. Kalekye alikuwa anaoga. Aliomba amalize. Maundu akavunja mlango. Walimvuta nje kwa mkono, na povu mwilini, na leso moja tu ya kujifunga aliyoinyakua, mbele ya majirani. Akaomba taulo. Hawakumpa. Wakatupa vyombo vyake nje, wakafunga lango kwa mnyororo. Alikaa nje ya lango kwenye manyunyu hadi Mumo aliporudi kutoka shuleni akamkuta hapo, ameloa, anatetemeka. Homa ikamshika siku hiyo hiyo.

"Nilidhani ataenda kwa jirani," Maundu akasema. "Mimi nilidhani atainuka aende."

Nzilani aliacha kumfuta. Aliweka shuka chini, akasimama, akaenda kukaa mbali naye.

Nilipopita bafuni jioni hiyo niligusa hodhi. Rangi ilikuwa imekauka. Imekauka vizuri, ngumu, inang'aa. Vigae vilikuwa vimeshika barabara, maua yote yamekaa sawasawa. Sijawahi kuona bafu zuri vile katika nyumba ya mtu wa kawaida. Lilikuwa kama limemalizwa na mtu mwingine.

Maundu hakukauka. Alianikwa juani kama nguo. Alilala juu ya turubai, na asubuhi turubai lilikuwa dimbwi. Daktari alisema ni jasho, akampa vidonge. Pasta alimwombea, akaondoka na mikono inayonuka sabuni. Ngozi ya vidole vyake ilikunjamana, ikawa nyeupe, ikaanza kuachana na nyama. Kazini waliambiwa ana malaria.

Mwishowe tulikodi pikapu, tukampeleka Wamunyu kwa Kamanthe, mama yake Kalekye. Tulimkuta chini ya mabati ya karakana, anasugua vijiko vya mbao vilivyochongwa na mumewe. Mumo alikuwa karibu naye, amevaa sare ya shule, anakusanya vumbi la mbao. Msichana alimwona baba yake mdogo akishuka kwenye gari, maji yakimtiririka, akamkazia macho. Hakuogopa. Hata kidogo.

Maundu akapiga magoti. Mchanga chini yake ukageuka tope.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Mwambie aniache."

Mama yule hakuacha kusugua kijiko.

"Mimi sikumtuma," akasema. "Alipofika hapa nilimfuta kwa leso zangu zote. Zikalowa. Nikamfunika blanketi, nalo likalowa. Nilimzika na povu masikioni. Sasa mimi nimwambie nini?"

"Nitafanya chochote."

"Mrudishie mtoto nyumba ya baba yake. Leo. Nipe ufunguo hapa mkononi."

Akanyoosha mkono. Maundu aliingiza mkono mfukoni, nikasikia funguo zikilia. Mkono ukabaki humo humo. Niliona akifikiria, na maji yakimdondoka kidevuni. Mpaka leo sielewi mtu katika hali ile alikuwa bado anapima nini.

"Mwaitu, ile nyumba nimeitengeneza," akasema. "Vigae nimeweka mimi, na hii mikono yangu. Tugawanye. Nusu iwe ya Mumo."

Kamanthe aliutazama ule mfuko. Kisha akarudisha mkono, akachukua kijiko kingine.

"Basi nenda nyumbani ukaoge," akasema.

Njiani Nzilani alikaa mbele na dereva, Maundu akabaki nyuma. Tulifika mchana. Maundu alishuka, akachukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akasema atalivunja bafu lote, hodhi, vigae, kila kitu, halafu tuone. Aliingia. Akafunga mlango.

Tulisikia pigo la kwanza. La pili. Kigae hakikulia kama kimevunjika. Pigo la tatu likaja dhaifu.

Kisha maji.

"Nzilani!" aliita. "Nzilani, mlango!"

Dada yangu alikimbia, akavuta kitasa. Nikamsaidia. Ulikuwa kama umejengewa ukutani.

"Amenikalia," tukamsikia akisema, na sauti yake ilikuwa na maji ndani. "Amenikalia kifuani. Kalekye, chukua. Chukua nyumba. Chukua yote."

Tulisikia mtu akiimba kwa pua, taratibu.

Halafu kimya.

Mlango ukalegea mikononi mwetu. Maundu alikuwa amelala ndani ya hodhi, kinywa wazi. Hodhi lilikuwa kavu. Sakafu ilikuwa kavu. Naye alikuwa mkavu. Nywele zake zilikuwa na vumbi, midomo imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Hospitalini walipompasua walikuta mapafu yamejaa maji. Walituuliza ni mto gani alizama. Nzilani alitia sahihi karatasi zao, tukauchukua mwili.

Baada ya mazishi dada yangu alipeleka ufunguo Wamunyu mwenyewe, kwa miguu yake. Akahamia Kithimani, akafungua duka la mbegu. Kamanthe na Mumo wakaingia katika ile nyumba, na hawakusumbuliwa na kitu. Msichana alikua, akasoma, akaanza kufundisha shule ya chekechea.

Mwaka wa 2009 alinialika chai. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mpole, anacheka kwa urahisi. Niliomba kunawa, akanipeleka bafuni yeye mwenyewe. Vigae vya maua viko vile vile. Niliinama juu ya hodhi, nikaona kitu ambacho hakikuwapo zamani.

Ndani, kwenye rangi nyeupe, kulikuwa na mikwaruzo. Mikwaruzo ya kucha, ya mikono miwili mikubwa ya mwanamume, imepanda ukuta wa hodhi kutoka chini kuja juu. Nilipitisha kidole. Rangi ilikuwa laini juu yake. Mikwaruzo ilikuwa chini ya rangi, ndani ya chuma, kama ya mtu anayetaka kutoka.

"Hiyo hupanda kidogo kidogo," Mumo akasema nyuma yangu, kama mtu anayezungumzia nyufa za kawaida. "Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa huku chini kabisa. Sasa angalia, imebaki upana wa kiganja ifike kwa ukingo."

"Na ikifika ukingoni?" nikamwuliza.

"Haifiki, shangazi. Ikikaribia, huwa najaza maji. Asubuhi naikuta imerudi chini, inaanza tena."

Alininyooshea taulo nijifute mikono. Kisha akainama, akaziba tundu la hodhi, akafungua mfereji.