Hodi ya Saa Saba

Simu ya Zuleha ilianza kunuka udi siku ya Jumatatu. Akaifuta kwa kanga, akainusa, akaifuta tena. Nyumba yake ya Makorora haikuwa imefukizwa tangu Idi, na fundi cherehani anayeshinda na mafuta ya mashine mikononi hana pa kuitoa harufu ya bibi harusi. Akaona labda ni mteja kaishika, akaendelea kupinda gauni.

Saa saba mchana ya siku hiyo alikuwa amepokea kitabu. Yeye na mashoga zake walikuwa na kundi la Wasapu la kuazimana riwaya za kusoma kwenye simu. Huyu anasifia, yule anaomba. Desturi waliitunga wenyewe kwa kujifurahisha: anayetuma anaandika hodi, anayepokea anajibu karibu, ndipo kitabu kinaingia. Wanawake wazima, wazaliwa wa pwani, wamefunzwa tangu wadogo kwamba mtu kwanza anaulizwa ni nani, wao wanakaribisha kila kitu huku macho yao yakiwa kwenye sindano.

Hodi hiyo ilitoka kwa Nasra, muuza machungwa wa Muheza. Aliandika, "Kitamu, shoga, usikiache." Zuleha akajibu karibu. Akasoma kurasa tatu za mwanamke anayetembea mji mgeni akihesabu milango, zikamchosha, akaiweka simu kando.

Alasiri akasikia mtu anasoma chumbani kwa mama yake.

Bi Mwanamkasi alikuwa na mtoto wa jicho, mwaka wa sita haoni, na hata alipokuwa anaona hakujua a wala be. Sasa alikaa kitandani ameuelekea ukuta, anasoma kwa sauti, taratibu, kama mwalimu. Zuleha akafungua simu. Ulikuwa ukurasa wa nne, neno kwa neno.

Mtu mwenye akili angekimbia. Zuleha alilia kwa furaha, akaandika kundini kwamba macho ya mama yamefunguka. Pongezi zikamiminika. Praxeda, karani wa ofisi moja kule Raskazone, akaahidi kumwashia bibi mshumaa kanisani. Nasra aliandika neno moja, "Alhamdulillahi," kisha akajitoa kundini.

Siku ya pili Zuleha alipitisha kidole mbele ya macho ya mama yake. Hayakupepesa. Yalikuwa meupe vilevile.

Kila saa saba usomaji ulianza. Bi Mwanamkasi aliacha wali, akaacha uji, akaacha hata maji, akawa anakonda kama anayechotwa kwa kijiko; na kila alipovuta pumzi kati ya ukurasa na ukurasa ilisikika karatasi ikifunuliwa, kavu, karibu na sikio, katika nyumba isiyo na kitabu cha karatasi hata kimoja, na udi ukazidi mpaka wateja wakauliza nani anaolewa, na yule mwanamke wa kitabuni akawa ameshaingia Makorora, ameshahesabu milango ya mtaa, amesimama kwenye mlango wa bluu wenye komeo bovu, ambao Zuleha mwenyewe aliupaka rangi. Zuleha alikifuta kitabu mara nne. Mara nne kilirudi, na ukurasa umesonga mbele.

Akamwita Maalim Uweso. Maalim alifukiza ubani, akasoma kisomo chake, akapuliza kwenye maji. Bi Mwanamkasi akageuka kutoka ukutani, akatabasamu kwa tabasamu ambalo halikuwa lake.

"Nilipiga hodi," alisema. "Binti huyu akanijibu karibu. Mnanifukuzaje?"

Maalim alitoka chumbani, ndara zake kazishika mkononi. Akamnong'oneza Zuleha ukumbini kwamba huyu hatoki kwa kisomo, kwa sababu hakuvunja mlango. Atatoka akikaribishwa kwingine, kwa kauli ya mtu, kama alivyoingia.

"Na asipokaribishwa?"

"Hesabu kurasa zilizobaki, binti. Halafu mtazame mama yako."

Zilibaki kumi na moja. Zuleha akampigia Nasra kwa simu ya jirani. Nasra aliitambua sauti yake.

"Kwangu alimwingia mwanangu," akasema chini chini. "Hajaanza hata shule, Zuleha, na alikuwa anasoma. Zilibaki kurasa mbili."

Akakata. Zuleha akamtumia hodi ya kumrudishia kitabu chake. Haikujibiwa. Akatuma tena, haikujibiwa.

Zilipobaki kurasa tano, Praxeda aliandika kundini kwamba anatafuta riwaya ya kumliwaza akiwa anamuuguza baba yake, mzee Eliudi, ambaye kiharusi kilimnyima ulimi tangu Kwaresima. Praxeda ndiye aliyemwashia Bi Mwanamkasi mshumaa. Chumbani karatasi ikafunuliwa. Zuleha akaandika kwa vidole viwili, bila kumfikiria sana mtu yeyote ila mama yake:

"Hodi. Kitamu, shoga, usikiache."

Karibu ilikuja kabla hajakaa.

Chumbani sauti ilikatika katikati ya neno. Bi Mwanamkasi akauliza kwa nini nyumba ina giza, kama aliyesahau kuwa haoni, akaomba uji, akalalamika kwamba una sukari kidogo. Udi ukawa umeondoka. Zuleha akamlisha.

Kesho yake, saa saba na dakika chache, ukaingia ujumbe wa sauti. Praxeda alikuwa analia na kucheka pamoja. "Mashoga zangu, baba kaongea. Anasoma! Hata miwani hana!" Nyuma yake ilisikika sauti ya mzee, taratibu, kama mwalimu, na kila alipovuta pumzi, karatasi.

"Nani huyo anasoma vizuri hivyo?" akauliza Bi Mwanamkasi, uji mdomoni.

Zuleha aliandika onyo refu, na jina la Maalim akaliweka. Akalisoma onyo lote. Praxeda akijua atakuja mwenyewe mlangoni kukirudisha kitabu, na Bi Mwanamkasi ana tabia ya kujibu karibu kabla mtu hajamaliza kusema hodi. Akafuta onyo, neno moja moja, mpaka kioo kikawa kitupu.

Akaandika, "Alhamdulillahi," kisha akajitoa kundini.