Ndege Wawili wa Kaure

Asubuhi ya Juni, katikati ya msongamano wa soko kuu la Paris, kiwiko cha kijana mmoja kilipindua kikapu cha Perrine, na matunda yake ya cheri yakatawanyika matopeni.

"We kaka, macho umeyaacha kitandani?"

"Nilikuwa nayo, bibie. Yamepotea nilipokuona."

Perrine alikaza uso asicheke. Gauni lake la samawati lilikuwa limechakaa viwikoni, lakini vidole vyake vilimeta vumbi la dhahabu, na kijana akavitambua. Kumbe walifanya kazi karakana moja ya vyombo vya kaure. Yeye, Anselme, alichora ndege na maua kwenye vasi, ghorofani. Perrine alikaa chini, akiisugua kwa jiwe dhahabu iliyotoka tanurini imefifia, hata ing'ae.

Kiangazi chote walikula cheri pamoja ngazini. Kisha shangazi yake Perrine akamtafutia mchumba, mwoka mikate wa mji wa Rouen.

"Nimjibu nini shangazi?" Perrine aliuliza.

Anselme, hodari wa utani tu, alipatwa na kigugumizi. "Ninachora vasi mbili, jozi. Zikikufikia, watazame ndege. Hao ndio jibu langu."

Wiki tatu baadaye vasi zilishuka, za rangi ya waridi, mikono yake imejipinda kama mizabibu. Perrine alizipanga mezani kama zilivyotoka kapuni. Ndege mmoja alitazama huku, mwenzake kule. Walipeana mgongo.

Alizisugua, machozi yakidondokea dhahabu. Jioni akamwambia shangazi kwamba atakwenda Rouen.

Asubuhi yake, aliporudi karakanani kuchukua aproni yake, alimkuta Anselme kando ya meza.

"Nasikia unaondoka. Ndege hawakukupendeza?"

"Unanidhihaki? Umewachora wamepeana mgongo, halafu unauliza!"

Anselme akazitazama vasi, akashika kichwa. "Perrine wangu! Miaka minne unasugua jozi, hujui ya kushoto na ya kulia?"

Akazibadilisha nafasi. Midomo ya ndege ikakaribia kugusana.

"Nilikuwa nalia," Perrine alisema polepole. "Ningeijuaje kushoto?"

"Basi pindua hiyo moja."

Perrine akaipindua. Kila mchoraji alitia alama yake kitakoni mwa vasi. Wasuguaji hawakuwa na alama. Palikuwa na nyota ndogo ya Anselme, na kando yake, cheri moja nyekundu.

"Hii ya nani?"

"Ya mke wangu. Akikubali."

Perrine aliirudisha vasi mezani taratibu, akamshika mkono.

"Twende kwa shangazi, mpenzi. Ila safari hii utasema kwa kinywa chako. Ndege nawaacha hapa."